Pasolini kwa Mwanafunzi wa Bunia: Utangulizi wa Somo la Uongozaji wa Filamu

Kurasa hizi zimeandikwa kwa ajili ya mtu anayependa filamu, aliyezitazama kwenye simu na kwenye vibanda vya video, lakini hajawahi kuambiwa kwamba kutazama nako kunafundishika. Kama ndiye wewe, kaa karibu. Tutaingia katika somo hili kwa mlango mmoja tu: maisha na kazi ya Mwitaliano Pier Paolo Pasolini, aliyezaliwa mwaka 1922 na kuuawa mwaka 1975.

Najua unachojiuliza. Mwitaliano anatuhusu nini sisi wa Bunia? Mbona wapo wa kwetu? Wapo kweli. Yupo Mwezé Ngangura, mzaliwa wa Bukavu, ambaye filamu yake *Pièces d'identités* ilitwaa tuzo kuu ya tamasha la FESPACO, Ouagadougou, mwaka 1999. Yupo Dieudo Hamadi wa Kisangani, ambaye nitamrudia. Namtanguliza Pasolini kwa sababu mbili. Kwanza, aliandika na kueleza karibu kila alichoamua, na baadhi ya filamu zake zinaonyesha waziwazi namna zilivyotengenezwa. Kwa mwanafunzi mpya hiyo ni bahati. Pili, alifika pande zetu. Kamera yake ilipita Kigoma, Kampala na Dar es Salaam, na mojawapo ya filamu zake zinazojulikana zaidi inafunguka kwa sauti za waimbaji wa Kamina, Katanga.

Tuanze na msingi. Katika majina yanayopita mwishoni mwa filamu kuna kazi nyingi, na mgeni huzichanganya. Mtayarishaji ndiye anayetafuta fedha na kuzisimamia. Mwandishi huandaa mswada, yaani maandishi ya hadithi na mazungumzo, tukio baada ya tukio. Mpiga picha mkuu hushughulika na kamera na mwanga. Mhariri hupokea vipande vilivyopigwa, akavikata na kuviunga kama fundi cherehani anavyounga vitambaa. Na mwongozaji? Huyu ndiye anayeamua. Nani asimame wapi, kamera ikae mbali au karibu, jua limpige mtu usoni au mgongoni, uso ukae machoni pa mtazamaji kwa muda gani kabla ya kukatwa. Si lazima ashike kamera, wala si lazima aigize. Kazi yake ni kuchagua, na kazi yetu ni kuzifuata chaguzi zake na kuuliza kwa nini alichagua hivi na siyo vile.

Kipande kimoja cha picha, tangu kamera inapowashwa hadi picha inapokatwa, huitwa shoti. Ukitaka kuanza somo leo, chukua filamu yoyote ya ngumi uliyonayo, chagua dakika moja ya pambano, uhesabu shoti. Utachoka kidole. Kisha chukua dakika moja ya *Accattone*, filamu ya kwanza ya Pasolini, uhesabu tena. Mara nyingi utakuta uso mmoja umekabili kamera, umetulia, na hakuna anayekuharakisha kuuacha. Tofauti hiyo haikutokea kwa bahati, wala kwa ukosefu wa fedha pekee. Ni uamuzi wa mtu, na kuuelewa kunatupeleka kwenye maisha yake.

Hapa nikutahadharishe kidogo. Maisha ya msanii hayaelezi kila kitu katika kazi yake, na anayetafuta chanzo cha kila shoti katika utoto wa mwongozaji atapotea njia. Maisha hutupa maswali ya kuuliza. Majibu tunayatafuta kwenye picha.

Pasolini alizaliwa Bologna. Baba yake, Carlo Alberto, alikuwa afisa wa jeshi. Mama yake, Susanna Colussi, mwalimu kutoka Casarsa, mji mdogo wa mkoa wa Friuli, kaskazini-mashariki mwa Italia. Huko watu wana lugha yao, Kifriuli, ambayo shuleni haikupewa heshima. Kijana Pasolini alisoma chuo kikuu kwa Kiitaliano, lakini kitabu chake cha kwanza cha mashairi, cha mwaka 1942, alikiandika kwa Kifriuli. Mtoto wa Djugu, Mahagi au Aru hahitaji maelezo marefu hapa: anazungumza Kilendu, Kialur au Kilugbara nyumbani, Kiswahili sokoni Bunia, na Kifaransa mbele ya mwalimu, naye anajua ni ipi kati ya hizo inayoandikwa kwenye diploma. Pasolini alijiuliza maisha yake yote nini hupotea pale lugha kubwa inapozimeza ndogo. Utalisikia swali hilo katika filamu zake hata pale ambapo hakuna anayelitaja.

Vita vya pili vya dunia viliigusa nyumba yao kwa njia mbili. Baba alitekwa na Waingereza katika mapigano ya Afrika Mashariki, akafungwa Kenya hadi vita vilipokwisha. Mdogo wake Pasolini, Guido, aliyejiunga na wapiganaji wa msituni waliopinga ufashisti, aliuawa Februari 1945. Waliomuua walikuwa wapiganaji wa kundi jingine la upande uleule wa kupinga ufashisti. Hata hivyo Pasolini alijiunga na chama cha Kikomunisti, ambacho wafuasi wake ndio waliomuua nduguye. Huo ni mkanganyiko ambao mwenyewe hakuwahi kujaribu kuulainisha. Mwaka 1949 alishtakiwa kwa uhusiano wake na vijana wa kiume, akafukuzwa kazi ya ualimu na kufukuzwa chamani; rufaa baadaye ilimfutia hatia, lakini kazi haikurudi. Januari 1950 yeye na mama yake walipanda treni kwenda Roma, bila kitu.

Walipanga pembezoni mwa jiji, katika mitaa ambayo Waitaliano huiita *borgate*: makazi ya watu waliotoka vijijini au waliohamishwa kutoka katikati ya jiji, vibanda na majengo ya haraka, vijana wengi wasio na kazi. Pasolini alifundisha shule ndogo huko Ciampino kwa mshahara mdogo, na jioni akasikiliza lugha ya vijana wa mtaani. Riwaya yake ya mwaka 1955, *Ragazzi di vita*, ilimpa jina na kumpeleka mahakamani kwa shtaka la matusi, akashinda. Waongozaji wakaanza kumwita awasaidie kuandika mazungumzo ya mitaani. Mmojawao alikuwa Federico Fellini.

Sasa tunafika kwenye istilahi utakayokutana nayo kila mahali: uhalisia mpya, au kwa jina lake la Kiitaliano, *neorealismo*. Ni mtindo uliozuka Italia mara baada ya vita. Studio zilikuwa zimeharibika, fedha hazikuwepo, basi waongozaji kama Roberto Rossellini na Vittorio De Sica wakaingia barabarani, wakapiga picha katika mitaa halisi, mara nyingi na watu ambao hawajawahi kuigiza. Ukitazama *Ladri di biciclette* ya De Sica, ya mwaka 1948, hadithi nzima ni baba na mtoto wanaotafuta baiskeli iliyoibiwa, kwa sababu bila baiskeli hakuna kazi. Mwendesha pikipiki wa Bunia ataielewa filamu hiyo bila mkalimani.

Pasolini aliurithi mtindo huo, akaugeuza. *Accattone*, ya mwaka 1961, inahusu kijana wa *borgate* anayeishi kwa jasho la mwanamke anayemuuza. Mhusika mkuu aliigizwa na Franco Citti, kijana wa mtaani ambaye hakuwa mwigizaji. Hadi hapo ni uhalisia mpya. Lakini Pasolini alikuwa amesoma historia ya sanaa Bologna chini ya Roberto Longhi, bingwa wa michoro ya kale ya makanisani, na alipokuja kuweka kamera aliiweka kama mchoraji wa watakatifu: uso katikati, umekutazama moja kwa moja, nyuma yake ukuta. Kisha, vijana wawili wanapopigana mavumbini, akaweka muziki wa kanisa wa Bach. Wengi walikasirika. Wahuni kupewa muziki wa mateso ya Kristo! Hilo ndilo alilolitaka: umtazame mhuni kwa unyenyekevu uleule unaomtazamia mtakatifu ukutani.

Jambo moja litakusumbua ukitazama filamu hizi, nalo nikuondolee sasa. Midomo na sauti haviendani vizuri. Simu yako haina kosa. Waitaliano wa wakati ule walipiga picha kwanza, sauti wakaitia baadaye studioni, na mara nyingi sauti hiyo ilikuwa ya mtu mwingine kabisa. Citti unayemwona hasemi kwa sauti yake. Wewe uliyezoea filamu za Kihindi na za Kichina zinazosimuliwa kwa lugha zetu utazoea upesi kuliko profesa wa Ulaya.

Tufike kwenye filamu iliyo karibu nasi zaidi. Oktoba 1962 Pasolini alikuwa Assisi, mgeni wa shirika la Kikatoliki. Siku ile Papa Yohane XXIII alikuwa akizuru mji, barabara zimeziba, na mgeni wetu akabaki chumbani, akachukua Injili iliyokuwa karibu na kitanda, akasoma Mathayo mwanzo hadi mwisho. Hakuwa muumini. Miaka miwili baadaye, 1964, akatoa *Il vangelo secondo Matteo*, Injili kama ilivyoandikwa na Mathayo, akaiweka wakfu kwa kumbukumbu ya Papa huyo aliyekuwa amefariki. Yesu ni mwanafunzi wa Kihispania, Enrique Irazoqui. Yerusalemu ni mji wa Matera, kusini mwa Italia, wenye nyumba zilizochongwa katika miamba. Maria wa uzeeni, anayelia chini ya msalaba, ni Susanna, mama mzazi wa Pasolini, ambaye mwaka 1945 alimlilia Guido.

Majina yanapoanza kuonekana, sikiliza. Ngoma na sauti za watoto na watu wazima: ni Gloria ya *Missa Luba*, misa iliyoundwa Kamina na kwaya aliyoianzisha padri Mbelgiji, Guido Haazen, na kuimbwa huko kwa mara ya kwanza mwaka 1958, kwa maneno ya Kilatini na midundo ya Kongo. Inarudi mwishoni, jiwe la kaburi linapoondoka. Wapo wasemao ulikuwa utamu wa kigeni tu, kiungo cha kumfurahisha Mzungu. Mimi nasikia zaidi ya hapo. Bach yupo katika filamu hiyohiyo, na wimbo wa Wamarekani weusi aliouimba Odetta upo pia. Lakini kwa saa ya ufufuko, pale ambapo mwongozaji yeyote wa Ulaya angeinua kinanda cha kanisa kuu, yeye alichagua Kamina. Ni uamuzi mwingine wa kuufuatilia: sauti ipi inapewa saa ipi.

Kabla ya kupiga Injili, Pasolini alikuwa amekwenda Palestina kutafuta mahali, akachukua picha za safari hiyo na kuzifanya filamu fupi. Aliona nchi ya Biblia imekuwa ya kisasa mno kwa lengo lake, na akasema hivyo mbele ya kamera. Hapo alizalisha aina ya filamu ambayo kwetu ni hazina: filamu ya madokezo. Fikiria mwongozaji anakufungulia daftari lake na kusema, hii ndiyo filamu ninayotaka kuitengeneza, hizi ndizo nyuso nilizoziona, hapa nina mashaka. Alifanya hivyo India. Kisha, kati ya Desemba 1968 na mwanzoni mwa 1969, akafanya hivyo Uganda na Tanzania. Matokeo ni *Appunti per un'Orestiade africana*, yaani madokezo ya Orestia ya Kiafrika, iliyokamilika mwaka 1970.

Orestia ni tamthilia tatu za Aeskilo wa Ugiriki, zilizochezwa Athene mwaka 458 kabla ya Kristo. Hadithi yenyewe ni hii. Mfalme Agamemnoni anarudi kutoka vitani Troya; mkewe, Klitemnestra, anamuua. Mtoto wao, Oreste, anamuua mama kulipiza kisasi cha baba. Sasa Oreste anafukuzwa na Waerinia, miungu wa kike wa kale wanaodai damu kwa damu. Anakimbilia Athene. Mungu mke Athena hawaui Waerinia wala hamkabidhi Oreste mikononi mwao: anaunda mahakama, ya kwanza kabisa, na raia wanapiga kura. Kura zinalingana, na ya Athena inamwacha Oreste huru. Kisha anawabembeleza Waerinia wakubali kukaa mjini, wapewe heshima, wageuke walinzi wa mji badala ya watesi.

Pasolini alikuwa ameitafsiri tamthilia hii kwa Kiitaliano. Alipoziona nchi za Afrika zikipata uhuru, na bunge, mahakama na vyuo vikuu vikifunguliwa kimoja baada ya kingine, alidhani anaiona Athene ya Oreste mbele ya macho yake. Filamu inaanza na yeye mwenyewe: kivuli chake na kamera yake kwenye kioo cha duka, katika mji wa Afrika. Amejionyesha mapema ili usisahau kwamba kuna mgeni anayetazama. Halafu anakwenda Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, akitafuta nyuso: huyu mzee angefaa kuwa Agamemnoni, yule binti angefaa kuwa Elektra, dada yake Oreste. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinakuwa hekalu la mungu Apolo. Waerinia hawapewi uso wa mtu. Ni miti mikubwa inayotikiswa na upepo, na kamera inaitazama kimya. Kwangu mimi shoti hizo za miti ndizo bora kuliko zote alizozipiga Afrika. Muziki ni jazi ya Gato Barbieri wa Argentina, iliyorekodiwa Roma.

Sasa inakuja sehemu ninayoipenda kuliko hata miti. Pasolini alirudi Roma na picha zake, akawakusanya wanafunzi Waafrika waliokuwa wakisoma chuo kikuu cha huko, akawaonyesha na kuwauliza: mnaonaje? Wakambishia. Mmoja alikumbusha kwamba yeye ni Mwethiopia na hawezi kuisemea Afrika nzima. Mwingine alikataa Afrika ielezwe kwa neno makabila. Pasolini anaonekana akishika maikrofoni, akijitetea, mara nyingine akishindwa kusikia. Angeweza kuyakata yote hayo wakati wa uhariri. Mhariri alikuwa na mkasi na hakuna ambaye angejua. Aliyaacha. Ukilinganisha na Mwitaliano mwenzake, Gualtiero Jacopetti, ambaye pamoja na Franco Prosperi alitoa *Africa Addio* mwaka 1966, utaona maana ya hilo. Kamera ya *Africa Addio* iliruka juu ya Zanzibar kwa ndege Januari 1964 na kurekodi maiti, ikapiga mauaji Kongo, na katika filamu nzima hakuna Mwafrika anayepewa nafasi ya kujibu.

Hata hivyo wanafunzi wale walikuwa na haki, na nisingependa umpende Pasolini hadi uache kumbishia. Mwishoni mwa filamu anatumia ngoma ya Wagogo wa Dodoma kama mfano wa Waerinia waliogeuka: zamani ilikuwa ibada, anasema, sasa ni furaha tu. Mtu anayeujua muziki wa Wagogo, muziki uliomlea Hukwe Zawose na kumfikisha kwenye majukwaa ya dunia, atacheka kidogo. Na sisi wa Ituri tuna pingamizi letu. Tunajua damu kwa damu ni nini tangu vita vya hapa vilipozuka mwaka 1999. Tunajua pia mahakama. Kesi ya Thomas Lubanga, kiongozi wa wanamgambo wa Ituri, ilipofunguliwa Januari 2009, haikufunguliwa Bunia. Ilifunguliwa The Hague, Uholanzi, na hukumu ikatoka huko mwaka 2012. Athena wa Aeskilo aliketi mjini pale, mbele ya raia wake. Pasolini hakuuliza ingekuwaje kama mahakama ingekuwa mbali namna hiyo na wenye majeraha. Swali hilo ni letu kuliuliza, na filamu yake inatusaidia kulipata.

Miaka iliyobaki naipita haraka. Alitengeneza filamu tatu za hadithi za kale, ya mwisho ikiwa *Il fiore delle mille e una notte* ya mwaka 1974, hadithi za Alfu Lela Ulela, iliyopigwa Yemen, Ethiopia, Iran na Nepal, na kutuzwa Cannes. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Novemba 1975 aliuawa Ostia, karibu na Roma. Kijana wa miaka 17, Pino Pelosi, alihukumiwa. Miaka 30 baadaye akayakana maungamo yake, na mjadala haujafungwa. Filamu ya mwisho, *Salò*, ilionyeshwa baada ya kifo chake. Ni ya mateso makali kuhusu ufashisti, na sikushauri uitazame kabla hujakomaa katika somo hili. Hata baadaye si lazima.

Uanze wapi, basi? Anza na Injili, kwa sababu hadithi unaijua tayari na macho yatabaki huru kutazama. Itazame mara ya pili bila sauti, daftari mkononi, uandike kila uso unaokaa peke yake ndani ya picha. Halafu *Accattone*. Halafu madokezo ya Afrika, ukisimamisha kila mwanafunzi wa Roma anapomaliza kusema na kuandika ungemjibu nini Pasolini kwa niaba yake. Ukimaliza, nenda kwa Hamadi: *En route pour le milliard*, ya mwaka 2020, inawafuata watu waliojeruhiwa katika Vita vya Siku Sita vya Kisangani mwaka 2000, majeshi ya Uganda na Rwanda yalipopigana mjini mwao, wakishuka na mto kwa boti hadi Kinshasa kudai fidia yao. Hakuna mfalme humo, wala mungu mke. Katika sehemu ya safari mtoni, andika kila mara kamera imekaa umbali gani na mtu anayezungumza, kisha uje na daftari lako darasani.